Parsele Moja, Milango Sita: Taka ni za Nani?

Pita asubuhi mitaa ya Goma kama Majengo, Katoyi au Birere, halafu tafuta mferejini chupa tupu ya Primus. Utatafuta sana. Sashe utaziona, maganda ya ndizi utayaona, hata kiatu cha mguu mmoja hakikosi. Vidanji, yaani chupa tupu, haipo. Chupa tupu ya bia ina bei na ina pa kurudi: ukienda kununua bia bila chupa tupu mkononi, unaongeza pesa juu ya bei ya kinywaji. Ndiyo maana mtoto akiiokota njiani anaipeleka nyumbani, na ikivunjika lazima kuna mtu atakayeulizwa.

Ganda la ndizi halina wa kuulizwa. Katika parsele yenye milango sita, uwanja mmoja na choo kimoja, kila lokatere anafagia mlangoni pake, na taka zinasogea hadi pale pasipo na mwenyewe: pembeni ya ukuta, nyuma ya choo, nje ya lango. Mwenye parsele anasema hiyo ni kazi ya wapangaji. Wapangaji wanasema wameshalipa kodi. Mvua inakuja inawaamulia, inazibeba zote hadi kwa jirani wa chini.

Maandishi haya yanaeleza jinsi ya kuzipa taka za parsele wenyewe, aina kwa aina, kwa vifaa vinavyopatikana Goma.

Jiwe halikubali shimo

Mafunzo mengi ya afya hushauri kuchimba shimo, kutupa taka na kufukia. Penye udongo mnene ushauri huo unafaa. Goma imekaa juu ya lava. Tarehe 17 Januari 2002 volkeno ya Nyiragongo ilishusha moto uliopita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ukashuka tena, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Katika mitaa mingi ukishafagia vumbi unagonga jiwe.

Mji ulijifunza uzito wa jiwe hilo Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda walipoingia Goma na kandokando yake. Vyoo havikuchimbika katika mwamba, maji yakachafuka, na katika mwezi wa kwanza watu karibu 50,000 wakafa, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Isitoshe, lava ina nyufa. Maji yanayotiririka kutoka kwenye rundo la taka hayapati udongo wa kuyachuja. Yanateremka upesi kuelekea Ziwa Kivu, na ziwani ndiko watu wengi wanakojaza bidoni zao. Kinachooza nyuma ya choo chako kinaweza kurudi mezani kwako ndani ya kikombe.

Wakaaji wa upande wa Mugunga na Lac Vert wana sababu nyingine ya kuogopa mashimo: mazuku. Hii ni gesi ya kaboni dioksaidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo hutulia mabondeni na mashimoni, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujavuma. Macho hayaioni. Wanasayansi wa volkeno duniani wamelichukua neno hilo la Kiswahili kama lilivyo. Usimtume mtoto kumwaga taka bondeni wala kuokota vyuma humo. Ukikuta ndege au mbuzi amekufa shimoni, usishuke kumtoa.

Pima kwanza

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 2018 ilikadiria kwamba mtu mmoja katika Afrika kusini mwa Sahara hutoa wastani wa kilo 0.46 za taka kwa siku. Katika nchi za kipato cha chini, asilimia 56 ya taka ni mabaki ya chakula na majani, na zinazokusanywa ni kama asilimia 39 tu.

Tuiweke hesabu hiyo ndani ya parsele. Milango sita, kila mlango watu watano, ni watu 30. Kwa siku ni karibu kilo 14. Kwa juma, karibu kilo 97. Kati ya hizo, kama kilo 54 ni maganda, mabua na makombo. Hizo ndizo zinazonuka, zinazoleta nzi na panya, na zinazoufanya mfuko uwe mzito kwa mchukuzi wa taka. Ukiziondoa, zinabaki kilo 43 kwa juma, na sehemu yake inauzika.

Wastani wa bara si kipimo cha nyumba yako. Kwa siku saba, wekeni taka zote katika magunia na mzipime kwa mizani ya kuazima kwa muuza makala au maharage. Andikeni namba daftarini. Bila namba hiyo kikao cha parsele kitakuwa cha kulaumiana.

Vyombo vitatu na makopo mawili

Kila mlango uwe na vyombo vitatu. Havihitaji kununuliwa.

Ndoo ya mbichi, yenye kifuniko: maganda ya ndizi, viazi na mihogo, mabua ya sombe na lengalenga, maganda ya maharage, makombo ya bugali. Bidoni ya lita 20 iliyopasuka, ikikatwa juu, inatosha. Imwagwe kila jioni.

Mfuko wa vikavu: chupa za plastiki, bidoni zilizovunjika, makopo, vyuma, katoni, karatasi safi. Chupa isuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo. Isiyosuuzwa inavuta mende, na mnunuzi anaikataa.

Gunia la mabaki: pampasi, pedi, vitambaa vilivyochakaa, sashe zilizochafuka. Hili ndilo la mchukuzi, na mdomo wake ufungwe.

Makopo mawili ni ya parsele nzima. La kwanza ni la chuma, la majivu. La pili lina mfuniko na linakaa juu, mikono ya watoto isikofika: vipande vya vioo, nyembe, sindano, betri za tochi, dawa zilizokwisha muda. Lipewe mtu mmoja wa kulitunza. Sindano na dawa zipelekwe kituo cha afya kilicho karibu na wahudumu waulizwe kama watazipokea. Betri kubwa ya sola isifunguliwe kamwe uwanjani: ndani yake kuna asidi inayounguza na risasi inayodhuru ubongo wa mtoto. Iuzwe ikiwa nzima.

Sanduku la mawe

Jiwe lililokunyima shimo litakupa ukuta. Mawe ya lava yamejaa kila mahali, ni mepesi na yana matundu yanayopitisha hewa. Jengeni nayo sanduku la mbolea juu ya ardhi.

1. Chagueni pembe yenye kivuli, mbali na mapipa ya maji na madirisha ya vyumba. Pangeni mawe bila sementi: upana mita 1, urefu mita 1, kimo mita 1. Acheni nafasi za vidole viwili kati ya mawe. Upande wa mbele ufungwe kwa mbao zinazotoka, ili mweze kugeuza.

2. Chini tandazeni matawi makavu, unene wa sentimita 15, ili hewa ipite na maji yasituame.

3. Kila ndoo moja ya mbichi ifunikwe kwa ndoo mbili za kikavu: majani makavu, katoni iliyochanwachanwa, vumbi la mbao kutoka kwa maseremala. Hii ndiyo siri ya kuzuia harufu. Maganda yakionekana juu, nzi watakuja. Yakifunikwa, hawapati pa kutaga.

4. Wekeni bati juu na jiwe la kulishikilia. Mvua za Goma zikiingia, mbolea inageuka tope linalonuka.

5. Geuzeni kwa koleo mara moja kwa juma. Shika konzi moja ukamue: yakitoka matone mawili matatu, unyevu umefaa. Maji yakichuruzika, ongezeni kikavu. Ikiwa kavu kama pumba, nyunyizeni maji ya kuoshea mboga.

6. Chomekeni fimbo katikati, mwiache kwa dakika kumi. Ikitoka na moto wa kuuhisi mkononi, kazi inaendelea. Ikitoka baridi katika majuma ya kwanza, rundo ni dogo mno au limekosa hewa.

Goma ipo kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na usiku wake ni wa baridi, kwa hiyo hesabuni miezi mitatu hadi minne. Parsele ya watu 30 inahitaji masanduku matatu: moja linajazwa, la pili linaoza, la tatu linakomaa. Penye nguruwe, mbuzi, sungura au kuku, wale kwanza. Masanduku yapokee kilichobaki.

Visiingie: nyama, mifupa, vichwa vya samaki, mafuta, mavi ya mbwa au paka, pampasi, na majani yaliyokaa na sashe. Vichwa vya sambaza vipewe kuku au paka siku hiyohiyo.

Mbolea iliyokomaa ni nyeusi, inavunjika mkononi na inanukia kama msitu baada ya mvua. Katika mji wa lava, mwenye kutaka bustani huleta udongo kutoka mbali. Ninyi mtakuwa mnautengeneza uwanjani. Magunia ya zamani yakijazwa mchanganyiko wa mbolea na udongo yanaotesha sombe, vitunguu na nyanya hata juu ya mwamba mtupu.

Majivu na vumbi la makala

Nyumba nyingi za Goma hupikia makala, na nyingi zimejengwa kwa mbao. Jivu linaloonekana limezimika huficha kaa hai kwa saa nyingi. Lilale usiku mzima ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko, juu ya jiwe, mbali na ukuta wa mbao. Likishapoa kabisa, konzi moja moja itupwe katikati ya tabaka za mbolea. Likizidi, mbolea inakuwa chungu kwa mimea. Lililobaki linafaa kusugulia masufuria au kunyunyizwa chooni kupunguza harufu.

Vumbi la makala linalobaki chini ya gunia lisitupwe. Changanyeni vipimo kumi vya vumbi na kipimo kimoja cha uji mzito wa unga wa mihogo, mfinyange kwa mkono au kwa kopo lililotobolewa, mwanike juani siku nne au tano. Vipande hivyo vinaungua polepole na vinafaa kupikia maharage. Kila kipande ni makala ambayo hayakununuliwa, na makala mengi ya mji huu yametoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga. Mbabula yenye makala au vipande hivi isiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa: gesi ya kaboni monoksaidi inaua watu usingizini.

Jambo moja la kuachwa leo hii: kuwasha mbabula kwa sashe. Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama anayepuliza pamoja na mtoto aliye mgongoni. Washeni kwa vijiti vikavu, magunzi au karatasi. Kuchoma rundo la taka uwanjani ni kosa hilohilo kwa ukubwa zaidi, kwa sababu moshi hauulizi ni mlango wa nani.

Sashe na chupa

Sheria ipo. Amri namba 17/018 ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza nchini Kongo kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Sokoni Virunga na Kituku hali ni nyingine. Hata hivyo watu wa Goma wanajua kuishi bila sashe. Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilizikataza tangu 2008, na anayevuka kwenda Gisenyi hubeba kikapu bila kugombana na mtu. Kikapu hichohicho kinaweza kwenda sokoni Virunga.

Sashe iliyokwisha kuingia nyumbani ikiwa kavu na safi itumike tena. Iliyochafuka iende kwenye gunia la mabaki, isiende mferejini. Ziwa Kivu lina mto mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, na huko Bukavu, kwenye bwawa la Ruzizi I, wafanyakazi hulazimika kuchota chupa na plastiki zinazoziba mitambo ya umeme. Plastiki ikijaa, mashine inasimama na taa zinazimika.

Chupa za plastiki zina wateja karibu: wauza juisi, mafuta, maziwa na sabuni ya maji. Isiyo na mfuniko wake bei hushuka, kwa hiyo mfuniko usitenganishwe. Chupa iliyowahi kuwekwa petroli au dawa ya wadudu isiuzwe kwa mtu wa chakula, itobolewe. Vyuma na alumini vina wanunuzi wanaopita mitaani. Wakusanyaji hawa hawapendi kuja kwa chupa tano. Parsele ikiweka vikavu pamoja na kuuza mara moja kwa mwezi, au parsele tatu za jirani zikiungana, mnunuzi atakuja mwenyewe.

Kikao cha parsele

Vifaa ni rahisi kuliko watu. Mwenye parsele aite kikao, au lokatere aliyekaa miaka mingi amwombe akiite. Kila mlango ulete mtu mmoja, na watu wazima wenye kauli wasikose. Namba za mizani zisomwe kwanza. Kisha mkubaliane mambo matano, na yaandikwe kwenye karatasi moja itakayobandikwa karibu na choo, mahali ambapo hakuna asiyepita.

Nani anafanya nini. Kila mlango uwe na juma lake la kufunika sanduku, kugeuza na kufunga gunia la mabaki. Kazi isiachiwe watoto peke yao, wala yule mama ambaye hufagia kila siku bila kuombwa.

Nani anatoa nini. Mwenye parsele atoe mahali, bati, koleo na makopo mawili. Hivyo vinabaki mali yake. Wapangaji watoe kazi na abonema ya mchukuzi.

Pesa. Abonema igawanywe kwa idadi ya watu ikiwa milango inatofautiana sana: asiye na watoto asilipe sawa na nyumba ya watu tisa. Kinachopatikana kwa kuuza vikavu kiingie kwenye mfuko wa parsele, kinunue glavu, ufagio na sabuni. Mshika pesa na mwandika daftari wawe watu wawili tofauti.

Anayekosea. Mara ya kwanza aambiwe kwa upole na jirani aliye karibu naye, si mbele ya uwanja mzima. Mara ya pili afanye kazi ya juma la mwingine. Faini ya pesa huleta ugomvi kabla haijaleta usafi.

Mgeni. Lokatere mpya aelezwe siku anayopewa ufunguo. Masharti ya taka yaandikwe ndani ya mkataba wa kupanga, pamoja na kodi na garanti.

Nyumba za etaje

Huko Himbi, Katindo na Les Volcans majengo ya ghorofa yanaongezeka, na mlango hauna uwanja wake. Humo kosa la kwanza ni pipa moja kubwa langoni, ambalo kila kitu kinaingia kikiwa kimechanganyika. Wekeni mapipa matatu ya rangi tofauti chini, penye taa, na ndoo ndogo ya mbichi yenye kifuniko jikoni mwa kila nyumba. Saa ya kushusha ijulikane, kwa mfano saa moja hadi saa mbili asubuhi, ili taka zisilale kwenye ngazi. Sentineli akipewa kazi ya kusimamia mapipa, aongezewe malipo kwa kazi hiyo, na mauzo ya vikavu yaweza kuwa yake. Asilazimishwe kuchambua kwa mikono mitupu kile ambacho wenye nyumba wamekichanganya.

Kama hakuna nafasi ya sanduku la mawe, tafuteni mfugaji wa nguruwe au mkulima wa bustani atakayechukua mbichi kila siku. Atazitaka zikiwa safi tu. Kipande kimoja cha kioo kikimkata mnyama wake, hatarudi.

Mchukuzi na Salongo

Kabla ya kumlipa mchukuzi, awe kampuni, shirika la vijana au mwenye chukudu, muulizeni maswali matatu: unakuja siku gani, unabeba magunia mangapi kwa bei hiyo, na unakwenda kumwaga wapi? Asiyejibu swali la tatu huenda anamwaga mtaa wa pili au ziwani, nanyi mmemlipa ahamishe ugonjwa. Mtu mmoja wa parsele amfuate mara moja hadi mwisho wa safari. Malipo yatoke baada ya gunia kuondoka. Mkiwa mmetoa mbichi na vikavu, mzigo umepungua, na mna haki ya kuomba bei mpya. Hilo si dogo katika mji ambamo, baada ya waasi wa M23 kuuteka mwisho wa Januari 2025, benki zilifunga milango na pesa ya mkononi ikawa adimu.

Mkubwa wa avenue ajulishwe pia. Parsele moja safi katikati ya kumi chafu itapokea nzi wa zote kumi. Salongo ya Jumamosi, usafi wa pamoja wa mtaa, mara nyingi hutoa uchafu mferejini na kuuacha kandokando, mvua iurudishe. Avenue ikipanga mchukuzi afike Jumamosi ileile, kilichotolewa kinaondoka. Uwanjani kwenu, asubuhi hiyo iwe ya kugeuza sanduku na kupima gunia la mabaki.

Anzeni na kimoja. Juma la kwanza pimeni tu. La pili jengeni sanduku la kwanza. Vikavu vifuate mwezi wa pili, mchukuzi mpya mwezi wa tatu. Na katika kikao kilekile cha mwanzo, amueni mbolea ya kwanza itakuwa ya nani: itagawanywa kwa mabeseni, itauzwa, au itakuzia sombe ya parsele nzima? Wengi watacheka, waone ni mapema mno kugawana maganda. Ngojeni mwezi wa nne. Siku mlango wa tatu utakapolalamika kwamba mlango wa tano umechota beseni mbili za udongo badala ya moja, mtakuwa na ugomvi mpya uwanjani, na swali la taka ni za nani litakuwa limekwisha.